Skrambla ya Mama Mkwe

Jumapili, 4 Agosti

Nimepata pikipiki! Mama mkwe kanipa ile ya marehemu baba mkwe, iliyolala bandani miaka sita chini ya turubai. Matairi yamekufa. Tangi limeota kutu. Kwenye keria ya nyuma kuku alishatotoa vifaranga. Nzuri ajabu.

Sharti ni moja tu. Jumamosi ya tarehe 17 nimpeleke kwa dada yake kule juu mlimani. Hawajaonana miaka mitatu, tangu barabara ilipoporomoka. Magari yanaishia kwenye machimbo ya mawe. Kutoka pale ni kilomita nne za mawe na mashimo, na magoti ya mama mkwe yamegoma kupanda. Dada mtu naye hawezi kushuka. Macho yamepungua nguvu, na kwenye simu hasikii hata ukipiga kelele. Mama mkwe aliyasema haya taratibu, akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nimempa neno langu.

Wazo likanijia palepale. Njia ya mawe inataka pikipiki ya njia ya mawe. Sitaitengeneza tu, nitaigeuza skrambla! Matairi yenye meno, ekzosi ya juu, usukani mpana, na kila kisicho na kazi kinatolewa. Nimeziona kwenye simu. Wanaoziendesha ni wanaume wenye ndevu, hawaongei sana.

Mke wangu kauliza kwa nini nisibadilishe matairi na oili, basi. Nimemwambia hajui kuota mambo makubwa. Shemeji, kaka yake, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma mtaa wa nyuma, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema fremu nisiiguse bila yeye. Siendi kwake ng'o. Huyu ndiye aliyenibandika jina la Mhandisi baada ya ule mkasa wa pasi niliyoitengeneza ikalipuka, na mtaa mzima ukalidaka.

Jumatatu, 5 Agosti

Kazini. Dirisha namba tatu, posta, upande wa vifurushi. Miaka kumi na moja napima vifurushi kwa mkono, mizani inakuja kuthibitisha tu. Mkuu wa ofisi hapendi kusikia hivyo. Tofauti zilizowahi kutokea ni chache na zilisameheka.

Wakati wa chakula cha mchana nimeagiza vipuri. Matairi mawili, usukani, taa ya duara yenye wavu, kitambaa cha kuzungushia ekzosi. Na kiti! Kifupi, ngozi ya kahawia, kimeshonwa mistari mistari. Nimekitazama kwenye picha mpaka watu wa foleni wakaanza kugonga kioo.

Jioni nimeifungua pikipiki. Nimekuta vituko. Sponji ya kiti cha mbele imechongwa chini kabisa, na usukani umekunjwa kurudi nyuma mpaka unakaribia kugusa tumbo. Marehemu alikuwa mrefu wa kuinama kila mlango. Aliendeshaje, magoti yakiwa masikioni? Kiti cha nyuma, kinyume chake, ni kipana kama kochi na kimebonyea. Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa mipango. Yeye na mama mkwe walisambaza mikate ya tanuri lao kwa pikipiki hii miaka ishirini. Mama mkwe nadhani alikuwa akihesabu mikate.

Vyote nimevitupa nyuma ya banda. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akasema kile kiti cha mbele kilikuwa kizuri. Nikamwambia, mama, kinachokuja ni kizuri zaidi.

Alhamisi, 8 Agosti

Vipuri havijafika. Siku tisa zimebaki! Nimejaza fomu ya malalamiko. Nimeipeleka dirisha namba tatu. Nimeipokea, nikaigonga muhuri, nikamjibu mteja kwa maandishi kwamba suala lake linashughulikiwa, avute subira. Mteja hakuridhika. Namwelewa, ila lugha aliyotumia haikuwa nzuri.

Jioni nimejaribu kuwasha injini. Kiki thelathini na nane. Kimya. Mguu umevimba. Mama mkwe akaniambia kutoka jikoni kwamba plagi imelowa, niitoe niifute, halafu nipige kiki moja ya taratibu na moja ya nguvu. Nikatabasamu. Wazee wanapenda kuchangia.

Mfuko wake wa safari uko mlangoni tangu jana. Ndani mna sweta aliyomfumia dada yake. Aliifuma mwaka wa kwanza, akaona mikono ni mifupi, akaifumua, akaifuma upya. Anasema huko juu kuna baridi, na dada yake hana tabia ya kusema kwamba anasikia baridi. Kila nikipita mlangoni nauruka ule mfuko, na kila nikiuruka najisikia kama mtu anayedaiwa jibu.

Jumamosi, 10 Agosti

Vimefika! Nimeinua kifurushi, nikasema kilo saba. Mizani ikasema kumi na moja. Nitaandika barua kuhusu ile mizani.

Nimekiweka kiti juu ya fremu. Kizuri mpaka nikashika kifua. Tatizo, fremu ya zamani inatokeza nyuma, na skrambla haina mkia. Nimeenda kuazima grenda kwa fundi wa mageti, nikizungukia njia ya shule ili shemeji asinione. Fundi akanipa na tepu ya kupimia. Tepu nimemrudishia. Jicho langu linatosha.

Cheche! Raha iliyoje! Kipande kikaanguka, nikapiga mluzi. Kutazama, upande wa kushoto umezidi. Nikakata kushoto. Kulia kukazidi. Nikakata kulia. Tukaendelea hivyo, kushoto na kulia, mpaka pande zote zikalingana, ingawa kwa ufupi kuliko nilivyotarajia. Kiti kimekaa kama kimezaliwa pale. Nimekaa juu yake nusu saa, bandani, nikikata kona.

Mke wangu aliniita chakula mara tatu. Mara ya nne hakuita.

Jumanne, 13 Agosti

Ekzosi ya juu imefungwa. Kitambaa cha kuzungushia kiliniishia katikati, kwa hiyo nimemalizia na bitana ya pazia la sebuleni. Kitambaa ni kitambaa.

Halafu nikapata wazo langu mwenyewe la kuifuta plagi. Kiki ya taratibu. Kiki ya nguvu. Ikawaka! Jamani, ule mlio! Vyombo vikacheza kabatini. Mwalimu wa jirani akatoka na penseli sikioni kuuliza kama kuna nyumba imeanguka. Nikatamani dunia nzima inione, na kwa muda wa dakika moja karibu dunia nzima ilikuwa ukutani ikiniona.

Dakika ya pili bitana ikashika moto. Shemeji, ambaye hukosekana kila nikimhitaji, alitokea na ndoo mbili za maji. Zote mbili zilinipata mimi. Ekzosi ilizimika yenyewe baadaye. Mke wangu aliliinua pazia lililobaki, akanitazama kupitia kwenye shimo, akaingia ndani. Afadhali angegomba.

Mama mkwe peke yake hakukimbia. Alikaa kwenye kiti chake uani, amefumba macho, anasikiliza. Kisha akasema sauti imekuwa kubwa kuliko zamani. Nikamwomba radhi. Akasema hajalalamika.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwisha.

Nilikuwa nakaza taa, kazi ya mwisho kabisa. Nikamwita mama mkwe aje aone. Akaja, akaizunguka mara mbili. Akaweka kiganja juu ya kiti kile kifupi, akakitelezesha kurudi nyuma, na kiganja kikaishia hewani.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitakaa wapi?"

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Siku kumi na moja! Nimewaza matairi, nimewaza taa, nimewaza mpaka ndevu. Kiti cha abiria hakikunipitia kichwani hata kwa bahati mbaya. Na abiria ndiye safari yenyewe!

Hakunisema. Akaingia ndani. Nikamsikia akiutoa mfuko pale mlangoni na kuurudisha chumbani kwake. Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kumwagiwa ndoo mbili za maji, lakini kitu kilichoniuma zaidi maishani ni ule mfuko ukiburutwa sakafuni. Mke wangu akasimama mlangoni mwa banda, akasema nilipewa mtu mmoja tu wa kubeba. Ni kweli.

Baadaye nikapiga moyo konde. Mpango mpya! Toroli nyuma ya pikipiki, limefungwa kwa kamba, na mto juu yake. Kwanza majaribio. Nikatia gunia la viazi lenye uzito wa mama mkwe, kwa kupima kwa mkono. Tulikwenda vizuri sana hadi kwenye kona. Pale kwenye kona mimi nilikata, toroli likanyoosha. Viazi viliingia mtaroni. Vitatu vimepatikana mlangoni kwa mwalimu, ambaye kavirudisha bila kuuliza chochote.

Mpango nimeuacha.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Nimeimeza jeuri yangu. Nimeisukuma pikipiki mchana kweupe, katikati ya mtaa, mpaka karakana ya shemeji.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, kwa hiyo nilibaki sijui niweke wapi uso. Akalala chini ya pikipiki muda mrefu. Akasema nimekata hadi karibu na vishikio vya shokapu, na kurudisha fremu yote kunataka bomba lililokunjwa na wiki nzima ya kazi. Nikamwambia safari ni kesho. Akasema anajua safari ni kesho, ni mama yake. Nikanywea.

Akachomelea mchana kutwa. Alipima kila kitu kwa tepu, mara mbili mbili, hata pale ambapo mimi nilishamwambia urefu. Mwishoni akavua miwani ya kiza, akajifuta jasho.

"Kwa kesho itabeba mtu mmoja," akasema. "Na awe mwepesi."

Akalitazama tumbo langu. Na mimi nikalitazama.

Nimekwenda kumwambia mama mkwe mwenyewe, sikutuma mtu. Nikasema pikipiki ni nzima ila ni ya mtu mmoja, tena mwepesi. Nikasema shemeji atatufikisha na gari hadi machimboni, na kutoka hapo nitambeba mgongoni. Nilikuwa namaanisha. Akaniuliza kama nimewahi kuupanda ule mlima. Nikasema hapana. Hapo akauliza kama oili nimebadilisha, na kama breki ya nyuma inashika juu au chini. Nikamjibu yote. Nilielewa kwamba anabadilisha mada ili nisione aibu, na nusura nilie.

Jioni mfuko ukarudi mlangoni. Sikuelewa. Nikafikiri ni huzuni.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika nikiwa getini.

Asubuhi nimetoka uani, nikaikuta pikipiki imewekwa kwenye mwanga, imefutwa. Usukani wangu mpana haupo. Umerudi ule wa zamani, uliokunjwa. Kiti changu cha ngozi hakipo. Kimerudi kile cha mbele chenye sponji iliyochongwa. Nikapiga kelele kwamba tumeibiwa! Mke wangu akaniambia niteremshe sauti. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, anamenya viazi, na chini yake palikuwa na ngozi ya kahawia, mistari mistari.

Mama mkwe akatoka. Suruali ya marehemu, imekunjwa miguuni mara tatu. Helmeti. Mfuko umefungwa mgongoni. Mkononi ana spana namba kumi na nne, akampa shemeji ashike.

"Kaa pembeni, mwanangu," akaniambia.

Akapanda. Miguu ikafika chini sawasawa, magoti yakakaa mahali pake, mikono ikaangukia kwenye usukani bila kuutafuta. Kiki moja ya taratibu. Moja ya nguvu. Ikanguruma, na mwalimu akatoka tena na penseli yake. Mama mkwe akaingiza gia kwa ncha ya kiatu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaondoka. Kwenye ile kona ya viazi alilala nayo kidogo tu, akapotea.

Nilikimbia nyuma yake mpaka dukani. Kwa nini, sijui. Nilirudi nimeshika mbavu.

Nikauliza hii ni nini. Mke wangu akasema ni mama, anaendesha pikipiki. Nikasema lakini ni pikipiki ya baba! Akasema ilikuwa ya wote wawili, ila baba hakujua hata baiskeli. Alikaa nyuma, kwenye kile kiti kipana, akikumbatia kreti la mikate. Miaka ishirini. Leseni ya mama iko kwenye droo ya kabati, na kila ikikaribia kuisha muda anakwenda kuihuisha.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza saa ngapi?" akasema mke wangu. "Ulikuwa unatueleza."

Shemeji akageuka kutazama ukuta. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Nimeshinda nimekaa getini. Nimesikiliza kila pikipiki iliyopita. Hakuna iliyokuwa na sauti yake.

Jumapili, 18 Agosti

Amerudi! Saa tisa alasiri. Tumemsikia kabla hajafika sokoni. Tope hadi magotini, helmeti imekaa upande, uso wa msichana. Nimeishika pikipiki ashuke, na nimelia, sioni sababu ya kuficha kwenye shajara yangu mwenyewe.

Ametusimulia yote tukiwa uani. Kwamba juu ya machimbo njia ni mbaya kuliko walivyosema, na matairi yenye meno yalishika kila jiwe. Hapo nilimtazama shemeji. Kwamba shemeji alichomelea vizuri. Hapo alinitazama yeye. Kwamba dada yake, asiyesikia simu, alikuwa ameshasimama nje ya geti, ameshika nguzo, anasubiri. Alikuwa ameisikia ekzosi tangu machimboni. Alipoulizwa alijuaje kwamba ni yeye, alijibu kwamba hakuna mtu mwingine anayebadilisha gia mapema namna ile. Wakakaa mpaka leo mchana. Sweta imemtosha, mikono ni sawasawa.

Kisha wengine walipoingia ndani, mama mkwe akabaki na mimi. Akaniambia magoti ndiyo, yanauma, lakini si magoti yaliyomzuia miaka yote hii. Tangu mwenzake afariki, kila alipolifunua lile turubai alikiona kile kiti cha nyuma, kitupu, akalishusha. Aliona hawezi kwenda popote na kiti kitupu mgongoni. Ndiyo maana akanipa mimi pikipiki, yeye abebwe.

"Sasa wewe ukanikatia," akasema. Akacheka, akajifuta jicho kwa mkono wa sweta yake mwenyewe. "Nyuma hakuna kitu. Ni upepo tu."

Akanishika bega, akaingia kuoga. Nimebaki uani peke yangu mpaka injini ikapoa. Nimefurahi, hata sijui nianzie wapi kuandika.

Jumatano, 21 Agosti

Nimelitafakari jambo hili kwa siku tatu na nimeridhika. Ni wazi kwamba ndani kabisa nilijua. Mtu wa kawaida angeacha kiti cha nyuma. Mimi nilikata! Jicho langu liliona kilichohitajika kabla ya kichwa. Nimemweleza mke wangu. Amesema anakwenda kuanika nguo. Nguo zilikuwa zimeshaanikwa.

Habari kubwa ni hii. Mama mkwe anataka kwenda mlimani kila mwezi, na mwezi ujao anataka kumleta dada yake mjini apimwe macho. Ameomba mahali pa kumkalisha. Si nyuma. Amesema popote, ila si nyuma.

Wazo likanijia palepale. Behewa la pembeni, la kufunga ubavuni mwa pikipiki! Lenye gurudumu lake, kioo cha mbele, paa la turubai, na sehemu ya mfuko. Nimeliona kwenye simu. Kiti cha ngozi ya kahawia kitaingia humo, mke wangu akishamaliza nacho. Nimeanza kujenga fremu leo baada ya kazi, hapahapa ndani ya banda, na inakwenda kwa kasi ya ajabu.

Shemeji kapita. Kasimama, katazama behewa, katazama mlango wa banda, katazama behewa tena. Kisha akatoa tepu mfukoni, mpya, bado imo kwenye karatasi yake, akaniambia ni zawadi. Moyo wangu umeguswa. Nimeiweka chini ya mguu mfupi wa meza yangu ya kazi, na meza imetulia kabisa.

Mlango nimeupima kwa macho. Behewa linapita, tena nafasi inabaki.